Picha ya Thelathini na Saba

Mkanda uliandikwa thelathini na sita,
lakini ukiupachika kwa ubahili, gizani, chini ya blanketi,
ulimi wake ukaubana kwa ncha ya ukucha,
unapata moja ya ziada.
Ramniklal wa studio ya Mtaa wa Rufiji ndiye aliyenifundisha.
"Hiyo ya mwisho," alisema, "kiwanda hakikuihesabu. Usimwahidi mtu."

Nilikuwa karani wa mizani, ginari ya pamba,
na Zenit yangu ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia.
Jumapili nilishuka nayo Kirumba
na picha tano tu za kunifikisha mwisho wa mwezi.
Korongo akitanua bawa juu ya kichwa cha sangara: bado.
Wanawake wakianika dagaa, mchanga wote ukimeta: bado.
Mgeni angesema huyu ana subira.
Ulikuwa umaskini tu, umevaa shati safi.

Kisha wiki tatu, kama dawa ya kusafishia ilikuwepo mjini,
na bahasha ya kaki niliyoifungua nimesimama njiani,
baiskeli zikinipigia kengele.

Sasa ninayo hii.
Mjukuu wangu Minza aliileta ndani ya boksi la povu,
nyepesi kama kipande cha sabuni kinachokaribia kwisha.
Kadi yake haifiki ukucha wa dole gumba,
inameza ziwa zima na bado ina njaa.
Siku ya kwanza nilipiga magugu maji ya Igogo mara mia nne,
usiku nikakaa kitako kuyafuta.
Kidole kiliniuma.
Miaka yote nimekuwa mtu wa kuokota,
hakuna aliyenifunza kutupa.

"Babu, usihesabu," Minza ananiambia.
Lakini nikifika thelathini na sita
mkono unasimama wenyewe,
unapapasa kando ya kamera
kutafuta kimkono cha kurudishia mkanda.

Niseme kweli, ile dawa siililii.
Harusi ya Malimi haina hata picha moja,
mtoto wa Ramniklal alifungua mlango akitafuta kandambili.
Hii mpya haijaniangusha.
Naipenda.
Nimeipenda upesi kuliko inavyompasa mjane.

Masika haya, mvua ikiwa imetua kidogo
na ziwa jeupe kama bati jipya,
nilitoa kopo la maziwa ya unga lililojaa mikanda,
nikaibandika kwenye kioo cha dirisha,
hapa kwetu Mabatini, kati ya jabali na jabali,
ziwa likawa taa yangu.
Kamera mpya ikatazamana na macho ya ile ya zamani,
nikapiga moja moja, bila haraka.

Mkanda mmoja ulikuwa na mkia.
Baada ya thelathini na sita, kipande,
nusu yake imeliwa na kibanio cha studio.
Hakikusafishwa. Nusu picha, nani angeilipia?

Nyanjige.
Kivuko cha Kamanga, ameshika ukingo,
anageuka kuniambia neno nisilolikumbuka.

Alizikwa na nywele nyeusi ti.
Kwenye mkanda ni nyeupe,
nyeupe pe, mwanga wa ziwa unapita ndani yake.
Uso umepauka kama uliopakwa majivu.
Anacheka, na meno ya mbele ni giza,
utadhani yameng'oka.
Maji nyuma yake ni meusi, hayana mwisho.
Mke wangu, bibi kizee,
rika langu.

Minza akainama begani kwangu.
"Babu, bonyeza hapa, itageuka, itakuwa sawa."

Najua pa kubonyeza.
Ngoja kwanza, nikamwambia.
Ngoja kwanza,
hatujaonana siku nyingi.